Presha hii tunaishusha wenyewe: mashine za kutabiri na dakika za mwanzo za nusukaputi

Kuna dai linazunguka sana siku hizi kwenye magrupu ya watu wa thieta na limeshafika mpaka kwa watu wa kawaida, kwamba akili mnemba imemaliza shida ya presha kushuka kwenye upasuaji, mashine inajua robo saa kabla kuwa presha ya mgonjwa itaanguka na wala haihitaji kumchoma mshipa, unamvisha tu kitu kidoleni basi. Watu wanalituma kwa furaha na furaha yao naielewa, maana yeyote aliyewahi kusimama kichwani mwa mgonjwa akaona namba zinashuka huku mikono yake yote miwili ina kazi anajua ile hofu. Lakini dai lenyewe limechanganya vitu vitatu tofauti, yaani kupima presha muda wote, kuitabiri kwa mgonjwa aliyeshalala, na kuitabiri kabla hajalazwa, limechukua matokeo ya kimoja likayapachika kwenye kingine, na kwa hospitali zetu mchanganyo huo unaweza kutufanya tutumie hela nyingi mahali pasipo.

Msimamo wangu nauweka mapema, na nauweka kama mtu ambaye kazi yake ni usingizi, yaani kuwalaza wagonjwa wa upasuaji kwa dawa. Vifaa vya kupima presha muda wote bila kuchoma mshipa ni vizuri na natamani vifike kwetu, ila faida yake yenye ushahidi ni kutuonyesha presha mapema, huo utabiri wenyewe bado uko nyuma sana. Na kwa zile dakika za kumlaza mgonjwa, swali la kutabiri limekaa vibaya tangu mwanzo. Presha ya hapo siyo mvua ambayo unatazama mawingu ukisubiri inyeshe au isinyeshe. Tunaishusha sisi, kwa dawa tuliyoichagua, kwa kiasi tulichovuta kwenye bomba la sindano, kwa spidi tuliyosukuma nayo. Kwa hiyo taarifa yoyote ya hatari ina thamani kubwa kabla hujasukuma dawa, ukishasukuma thamani yake inapungua haraka sana.

Tuangalie kinachotokea. Mgonjwa anafika thieta hajala tangu usiku, na mara nyingi hata maji hajanywa kwa masaa mengi kuliko inavyotakiwa kwa sababu aliambiwa tu "usile wala usinywe" halafu ratiba ikasogea. Unampa propofoli. Propofoli inalaza lakini pia inalegeza mishipa ya damu, hasa ile inayorudisha damu kwenye moyo, inapunguza amri za neva zinazoibana mishipa hiyo, na inauzubaisha ule utaratibu wa mwili ambao kwa kawaida presha ikianza kushuka moyo unaongeza mapigo kufidia. Ukishaweka mpira wa kupumulia mashine inaanza kusukuma hewa kifuani, na hilo nalo linapunguza damu inayorudi kwenye moyo. Halafu kinakuja kipindi cha utulivu, mgonjwa anapakwa dawa ya kusafisha ngozi, anafunikwa mashuka, daktari wa upasuaji bado ananawa, hakuna anayemkata na hakuna maumivu ya kuipandisha presha, na hapo ndipo inapoanguka. Mwaka 2005 watafiti wa New York walichapisha rekodi za wagonjwa 4,096, wakakuta karibu asilimia 9 presha yao ilishuka vibaya ndani ya dakika 10 za mwanzo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye miaka 50 kwenda juu, wenye magonjwa mazito, ambao presha yao ya wastani (wastani wa presha katika pigo zima la moyo, siyo ile namba ya juu wala ya chini peke yake) ilikuwa chini ya 70 kabla hata ya kuanza, waliopewa propofoli, na hatari iliongezeka kadri fentanili, dawa kali ya maumivu, ilivyoongezwa. Orodha hiyo irudieni kuisoma. Propofoli na fentanili siyo sifa za mgonjwa, ni maamuzi ya mtu wa usingizi, na tumeyajua haya kwa miaka 20.

Sasa kwenye kupima. Wengi wetu tunatumia mkanda wa mkononi unaojaa upepo kila baada ya dakika kadhaa, viwango vya kimataifa vinataka angalau kila dakika 5, na katika dakika 5 propofoli imeshafanya kila kitu inachoweza kufanya. Njia ya uhakika ni kuweka kanyula, kimrija chembamba, kwenye mshipa wa ateri kifundoni mwa mkono, unaona presha kila pigo la moyo, lakini inauma, inataka ujuzi na vifaa, na kwa wagonjwa wengi inawekwa wakiwa wameshalala, yaani kipindi ninachokizungumzia kimeshapita. Katikati ya hizo mbili kuna kifaa cha kidoleni. Wazo lake ni la zamani kweli, Jan Peňáz wa Czechoslovakia aliliwasilisha mwaka 1973: mkanda mdogo unazungushwa kidoleni, ndani yake kuna taa inayopima kiasi cha damu kwenye kidole, na mashine inabana na kulegeza mkanda kwa haraka sana ili kiasi hicho kisibadilike, kwa hiyo nguvu inayotumika kubana inafuata presha ya damu pigo kwa pigo. Miaka zaidi ya 50 sasa, hakuna akili mnemba hapo, ni fizikia tu nzuri.

Akili mnemba imeingia baadaye. Kampuni ya Edwards ya Marekani ilitengeneza kipimo kinachoitwa Hypotension Prediction Index, yaani namba ya kutabiri presha kushuka, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018, na hiyo ndiyo habari inayozunguka mpaka leo. Walilisha mashine mawimbi ya presha ya wagonjwa 1,334, ikajifunza kutofautisha mawimbi yanayotangulia presha ya wastani kushuka chini ya 65, na wakasema dakika 15 kabla inapatia kwa asilimia 88 kwa wanaoshuka na 87 kwa wasioshuka. Namba kubwa hizo. Mwaka 2020 watafiti wa Amsterdam wakaijaribu kwa wagonjwa 68, na waliosimamiwa kwa msaada wa mashine wakakaa muda mfupi zaidi kwenye presha ya chini, tofauti kubwa na ya wazi. Lakini mwaka huohuo jaribio jingine la Cleveland, Marekani, lenye wagonjwa 214 halikuona tofauti yoyote, na watafiti wenyewe waliandika kuwa karibu nusu ya tahadhari za mashine hazikufuatiwa na matibabu, muda wa kutenda ulikuwa mfupi, mwongozo ulikuwa mgumu kuufuata, au mtu alipuuza tu. Hili la nusu ya tahadhari linanigusa kuliko asilimia 88, kwa sababu liko karibu na maisha ya thieta tunayoyajua, pale kengele inapolia na mtu anainyamazisha aendelee na kazi nyingine.

Kisha likaja pigo ambalo hao wanaosambaza habari huwa hawaligusi. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba namna data zilivyochaguliwa imeipendelea mashine. Kwenye kutengeneza na kupima kile kipimo, dakika zilizohesabiwa kuwa "salama" zilikuwa zile ambazo presha iko juu ya 75, na ile sehemu ya katikati, kati ya 65 na 75, sehemu ambayo mtu wa usingizi ndipo anapohitaji msaada, iliachwa nje. Matokeo yake kila presha ya 70 iliyoingia kwenye hesabu ilikuwa ya mtu anayeelekea kushuka, kwa hiyo mashine ingeweza kupatia kwa kuangalia tu kama presha iko chini kidogo. Na kweli tafiti zilizofuata zikaona ukiweka tu kengele ya kawaida ilie presha ya wastani ikifika kama 72 au 73, unapata karibu uwezo uleule. Mnaelewa maana yake? Kitu kinachouzwa kama utabiri kwa sehemu kubwa kinakuambia presha ya sasa hivi iko chini, na hiyo monita yoyote nzuri inaweza kukuambia ukiipangia kengele vizuri. Tena tukumbuke ilitengenezwa kwa mawimbi ya ateri yaliyochukuliwa ndani ya upasuaji na wodi za mahututi. Toleo la kidoleni limekuja baadaye, na kuyahamisha matokeo ya mgonjwa aliyeshalala saa nzima ukayapeleka kwa mgonjwa ambaye propofoli ndiyo kwanza inaingia ni kuruka hatua kubwa.

Utabiri wa kabla ya kulaza upo, ila ni mambo mengine kabisa na ni ya kawaida zaidi, na mimi naona ndiko kwenye utajiri. Chukua ile namba ndogo inayoonekana kwenye oksimita nyingi za siku hizi, zile za kubana kidoleni kupima oksijeni, namba inayolinganisha mwanga unaodunda kwa kila pigo na ule usiodunda, inayotuambia damu inapita kiasi gani kwenye kidole. Watafiti wa Japani mwaka 2013 waliona mama anayekwenda kwa operesheni ya kujifungua kwa sindano ya mgongo, ile ya ganzi, kama namba hiyo iko juu ya 3.5 kabla ya sindano, presha yake ina uwezekano mkubwa wa kushuka. Watafiti wa India mwaka 2017 wakaangalia namba ileile kwa wanaolazwa na propofoli, wao wakaona kinyume, walioshuka ni wale ambao namba yao ilikuwa chini ya 1.05. Mtu akisoma haraka atasema tafiti zinapingana, lakini ukifikiria mwili unavyofanya kazi zote mbili zina mantiki. Yule mama mishipa yake imeshalegea kwa ajili ya ujauzito, sindano ya mgongo inamalizia kilichobaki. Yule wa propofoli mwenye namba ya chini, mishipa yake imejibana kwa nguvu, pengine ana upungufu wa maji au damu na mwili unaishikilia presha kwa kubana tu, sasa unakuja wewe na dawa inayokata ule mkazo na kila kitu kinaanguka. Namba ileile, dawa tofauti, maana imegeuka. Hakuna mashine itakayokusaidia hapo kama hujui unachokiangalia, na anayejua anaweza kutumia kifaa ambacho hospitali nyingi tayari wanacho.

Kuna na ultrasaundi ya ule mshipa mkubwa wa tumboni unaorudisha damu kwenye moyo. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2016 ulionyesha mshipa ukisinyaa zaidi ya kama asilimia 43 mgonjwa anapovuta pumzi, hatari ya presha kushuka baada ya kulazwa ni kubwa. Ni kizuri, kinataka mkono uliozoea na dakika chache, na mashine ya ultrasaundi ambayo mara nyingi iko idara nyingine imefungiwa.

Hata hivyo tusijidanganye na vipimo hivi pia. Tuseme tuna kipimo kizuri sana, kinanasa 90 katika kila 100 watakaoshuka na kinakosea kwa 10 tu katika kila 100 wasioshuka. Ukiwapima watu 1,000 na asilimia 9 ndio watashuka, hao ni 90, kipimo kinanasa 81. Waliobaki ni 910, na kipimo kinapiga kengele ya uongo kwa 91 kati yao. Yaani zaidi ya nusu ya kengele ni za uongo na hicho ni kipimo kizuri kuliko vingi tulivyonavyo. Juu ya hapo hata "kushuka" kwenyewe hakuna makubaliano, watafiti wa Utrecht mwaka 2007 walihesabu maana 140 tofauti za presha kushuka kwenye makala 130, wakazijaribu kwa wagonjwa wao wenyewe na kutegemea maana unayoichagua waliopatwa walikuwa kuanzia asilimia 5 hadi 99. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia za kupatia muulize kwanza, kupatia nini.

Upande wa pili una hoja nzito na sitaki kuipitia juujuu. Wanaotetea vifaa hivi wanasema hata mtu mzoefu anakosa kuona, kwa sababu presha inaanguka wakati uleule macho yako yako kwenye koo la mgonjwa unatafuta njia ya hewa. Wako sahihi na ushahidi upo. Jaribio la Cleveland la mwaka 2018 lenye wagonjwa zaidi ya 300 lilionyesha kifaa cha kidoleni kimepunguza presha ya chini karibu nusu ukilinganisha na mkanda wa kawaida, na mwaka 2023 watafiti wa Hamburg wakaangalia pia kipindi cha kulaza mgonjwa, wakaona hivyohivyo, wanaopimwa muda wote walikaa muda mfupi zaidi kwenye presha ya chini. Ila angalieni vizuri kilichofanya kazi pale. Hakukuwa na utabiri, mtu wa usingizi aliiona presha ikishuka sekunde ileile akatenda. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya monita inayoonyesha kila pigo na nyingine yenye namba ya kubashiri, nachukua ya kwanza bila kufikiria.

Kuna wengine wanapinga kwa njia tofauti, wanasema presha ya chini kwa dakika chache haina madhara hivyo tunahangaikia nini. Hawa nawaheshimu maana wana kitu cha kushika. Jaribio kubwa la POISE-3 lililochapishwa 2023, wagonjwa 7,490, liliwagawa watu kati ya mkakati wa kukwepa presha ya chini na wa kukwepa presha ya juu, madhara ya moyo na mishipa yakawa karibu sawa kabisa. Na lile la Ufaransa la 2024 la dawa za presha za kundi la enalaprili na losatani lilionyesha wanaoendelea nazo mpaka siku ya upasuaji presha ilishuka zaidi, asilimia 54 dhidi ya 41, lakini matatizo baada ya upasuaji hayakutofautiana. Sawa. Lakini majaribio haya yalifanyika mahali ambapo mtu akishuka anarudishwa haraka, dawa zipo, mtu yupo. Hayajajaribu kumwacha mgonjwa kwenye presha ya wastani ya 50 kwa dakika 10 kwa sababu mkanda haujajaa tena, na tunajua kutoka rekodi za upasuaji zaidi ya 33,000 wa Cleveland zilizochapishwa 2013 kwamba chini ya 55, hata kwa dakika chache, kunaenda pamoja na kuumia figo na moyo. Kwenda pamoja siyo kusababisha, nakubali, ila mimi siwezi kuwaambia ndugu za mgonjwa kwamba nilisubiri ushahidi zaidi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo hiyo inayopendwa zaidi, kwamba kwa sababu sisi hatuna wataalamu wa kutosha basi mashine ya kutabiri itaziba pengo. Utafiti mkubwa wa upasuaji Afrika uliochapishwa 2018, hospitali 247 katika nchi 25, ulikuta wataalamu bingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi wakijumlishwa pamoja ni 0.7 kwa kila watu 100,000, na vifo baada ya upasuaji ni mara mbili ya wastani wa dunia ijapokuwa wagonjwa wetu ni vijana zaidi. Wengi wa waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji, wodini, ambako hakuna monita wala mtu. Kwa akina mama wa operesheni ya kujifungua vifo vilikuwa kama mara 50 ya nchi tajiri, na matatizo ya usingizi na kutokwa damu vilihusika. Sasa niambieni, mashine ikilia kwenye kituo cha afya usiku, mtu wa usingizi ni mmoja, ndiye huyohuyo anayempokea mtoto asiyelia, tahadhari ya robo saa inamsaidia nani? Wale wa Cleveland wenye kila kitu nusu ya tahadhari hazikufuatiwa na matibabu. Mashine inahitaji mtu mwenye muda na dawa mkononi, na penye upungufu wa watu ndipo itakaposaidia kidogo kuliko kwingine.

Kwa hiyo hela zikipatikana zianze wapi? Kwangu zinaanza na mambo yanayofanyika kabla ya sindano. Mgonjwa anywe maji mpaka masaa mawili kabla kama hakuna kizuizi, siyo kukaushwa tangu jana. Mzee apewe propofoli kidogo na polepole, na mwenye damu chini au aliyechoka apewe ketamini, dawa ambayo tunayo nchi nzima na ambayo inaishikilia presha vizuri zaidi. Efedrini au fenilefrini, dawa za kupandisha presha, iwe imeshavutwa kwenye bomba na imeandikwa lebo kabla mgonjwa hajafumba macho, na kwa sindano ya mgongo mama alazwe ameegeshwa kushoto na dawa ya kupandisha presha ianze mapema bila kungoja aanze kutapika. Mkanda wa kawaida upangwe kila dakika moja kwa zile dakika 10 za mwanzo, monita nyingi zinakubali, ni kubonyeza tu. Hapo umeshapata sehemu kubwa ya faida ya kifaa cha kidoleni kwa shilingi sifuri. Baada ya hapo ndiyo nije kwenye kununua, na nikinunua nataka kujua bei ya ile mikanda ya kidoleni kwa mwaka mzima siyo bei ya mashine peke yake, nataka kujua kinafanyaje kwa mgonjwa mwenye vidole vya baridi aliyepoteza damu maana huyo ndiye ninayemhofia, na nataka kuona kimepimwa kwa watu wenye ngozi kama yetu. Oksimita zimeshatufundisha, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwa wagonjwa Weusi zinakosa kuona oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Sisemi kifaa cha kidoleni kina kosa hilohilo, nasema muuzaji aonyeshe data.

Na akifika huyo muuzaji na grafu yake yenye asilimia 88, kamati ya manunuzi imuulize mambo matatu hapohapo: grafu hii ni ya mgonjwa aliyelala tayari au anayelazwa, zile presha za kati ya 65 na 75 mmezihesabu au mmeziacha, na kengele ilipolia aliyekuwepo alifanya nini.